Mama, Si Wewe Uliyemwita Agnès

Mama,

Nimekaa kwenye kiti chako, mbele ya mashine yako ya kushona. Nimeifunika kwa kile kikwembe cha kijani, kitenge chako cha kujifunga, ili vumbi lisiingie. Hakuna aliyeigusa tangu uondoke, isipokuwa kaka Dieudonné. Wiki iliyopita aliitia mafuta, akazungusha gurudumu mara moja, sindano ikapanda na kushuka, halafu akatoka uani haraka bila kuniangalia. Ninakuandikia kwa Kiswahili kile ulichokuwa ukisomea matangazo ya parokia, kwa kuwa hukupenda tukuandikie kama tunavyoongea hapa Katuba. Nikikosea utanisamehe.

Mvua zimeanza kupungua. Mahindi uliyopanda nyuma ya nyumba tuliyavuna tukayachoma. Tulikula kila mtu na gunzi lake mkononi. Mtoto wa Dieudonné sasa anasimama akishika ukuta. Bamama wa kikundi chenu wamepata mwingine wa kusoma matangazo, lakini anasoma mbio, watu wanatoka misani hawajui ubatizo ni lini, wanakuja kuuliza hapa nyumbani kama zamani. Wanafika mlangoni, wananiona mimi, wanakumbuka, wanaanza kulia. Inabidi niwape kiti.

Lakini si hayo yaliyonifanya nishike kalamu. Ninakuandikia kwa sababu ya mdogo wako Agnès, na kwa sababu ya maneno yaliyosemwa juu yako wakati huwezi tena kujijibia. Acha nikueleze jinsi ulivyosafiri.

Mama, unaikumbuka siku tuliyomzika Baba. Ndugu zake walikuwa wakija kwa treni kutoka Kamina, treni ikachelewa, na Baba akakaa siku nyingi akiwasubiri. Ndiyo sababu walimtia formoli, ile dawa ya kuzuia maiti isioze. Ulipoinama kumuaga, ile harufu ilikupanda puani na machoni, ukarudi nyuma umejifunika uso, na watu wakasema, tazama uchungu wa mjane. Jioni ulikuwa unaosha miguu uani, ukaniambia, "Baba yenu sikumulilia. Nililia dawa." Nilikupa kitambaa ukajifuta.

Tangu hapo ulitwambia mimi na Dieudonné, tena na tena, mpaka tukawa tunakuomba uache: "Mimi musinitie ile dawa. Munipeleke Mitwaba vile niko, munilalishe pembeni ya Ilunga."

Ilunga, kaka yetu ambaye hatukumwona. Surua ilimchukua kabla hajajua kutembea, ukamzika kwenu Mitwaba, ukamfuata Baba huku kwenye kazi ya reli. Hukumtaja mara nyingi. Lakini kila ulipoulizwa una watoto wangapi ulijibu watatu, na mtu akituangalia sisi wawili akatafuta wa tatu, ulimwacha atafute.

Halafu asubuhi ile moyo wako ukasimama. Ulikuwa na mkasi mkononi, umekata upande mmoja wa kola. Daktari hakutumia hata nusu saa. Ulipelekwa kwenye chumba cha maiti, na mtu wa pale, mzee mpole, akatwambia wazi kwamba umeme unakatika kila siku, mafriji hayashiki baridi, na njia ya Mitwaba imeoza kwa mvua. Ama tukutie formoli, ama tukuzike hapa Lubumbashi kesho yake.

Wajomba walikubali tukuzike hapa. Walisema marehemu hajui amelala wapi. Mimi nilikaa kwenye benchi nje nikakataa kuinuka. Sikuwa na mpango wowote, Mama. Nilikuwa nimekataa tu.

Ni Dieudonné aliyekumbuka rafiki yake anayefanya kazi kwenye maabara kule Kasapa. Aliwahi kumwona akipokea damu za wagonjwa zilizotoka mbali, zimefungwa ndani ya sanduku lenye mawe meupe yanayotoa moshi. Akampigia simu. Rafiki akasema ni barafu kavu, akatuelekeza kwenye bohari ya gesi, njia ya Likasi, tukamuulize Madame Solange.

Tulimkuta akipima mitungi ya oksijeni ya mafundi wa kuchomelea. Mwanamke mnene, amevaa buti za mpira na glavu nene zinazofika kwenye viwiko. Alituuliza barafu kavu tunaitakia nini. Dieudonné aliangalia mitungi. Nikasema mimi, "Ni ya Mama." Akavua glavu, akanipa mkono wake.

Alituketisha akatueleza pole pole, kana kwamba hakuna wateja wengine wanaomngoja. Barafu hii haina hata tone la maji. Ni ile hewa tunayoitoa tukipumua, ileile inayopanda mapovu ndani ya chupa ya limonadi. Kiwandani wanaikandamiza na kuigandisha mpaka inakuwa jiwe. Haiyeyuki kama barafu ya friji. Inarudi tu kuwa hewa, kidogo kidogo, na mahali ilipokuwa panabaki pakavu. Ule moshi mweupe tunaouona ni unyevu wa hewa yetu sisi, umeshikwa na baridi. Hewa yenyewe ya lile jiwe haionekani. Na baridi yake inaunguza kama moto, kwa hiyo isishikwe bila glavu. Dieudonné aligusa kwa ncha ya kidole, akaruka. Kikatoka lengelenge kana kwamba ameshika mbabula yenye makaa. Siku nyingine ungemcheka mpaka ushike mbavu.

Kisha Madame Solange alisogeza kiti chake karibu. Alisema, "Baridi yake si kitu. Muogope hewa yake. Hamutaiona, hamutaisikia harufu. Iko nzito, inashuka chini, inajaa chini kama maji mu beseni, na inafukuza hewa ya kupumua. Madirisha ya motoka yabakie wazi njia yote, hata mvua inyeshe. Muntu asilale chini karibu nayo."

Akatuonyesha na dalili. Kichwa kinaanza kugonga, pumzi inaenda mbio, usingizi unakuja usio na sababu. Mtu akisikia hivyo atoke nje mara moja, asingoje kujua ni nini. Na mtu akianguka ndani, asikimbiliwe. Kwanza ifunguliwe milango yote, upepo upite, ndipo aingie wa kumtoa, maana anayekimbilia ndani huanguka juu ya mwenzake. Alitukataza pia kuziba chochote. Sanduku la barafu lisifungwe kwa utepe, na sanduku lako wewe lisikazwe misumari, kwa kuwa hewa ile ikikosa pa kutokea inapasua. Nilimrudishia maneno yote kwa sauti, kama katekisimu, mpaka akasema nimeyashika.

Mama, wewe uliogeshwa na Agnès. Hakutaka mtu mwingine akuguse. Alikupaka mafuta miguuni, akakuvika ile nguo yako nyeupe ya komunyo. Mimi nilivaa glavu nilizoazimwa, nikafunga vipande vya barafu kimoja kimoja ndani ya vikwembe vyako, nikakuwekea tumboni na ubavuni, mbali na uso na mikono, kama nilivyoelekezwa. Kila kipande nilichoweka nilikuomba msamaha, maana wewe ulikuwa mtu wa kusikia baridi, ulivaa soksi hata mwezi wa Oktoba, joto likiwaka. Seremala alitoboa matundu kwenye mbao huku akinung'unika kwamba hajawahi kuona sanduku la namna hiyo. Moshi ulipoanza kutoka kwenye matundu, Agnès alipiga magoti. Alisema ni kama ubani.

Tulikuwa wanne. Papa Mwewa, aliyekubali kutubeba, alikuwa kwenye usukani wa jeep yake, mimi na Dieudonné mbele pembeni yake, na wewe nyuma, na Agnès kwenye benchi la pembeni, mkono wake juu ya kifuniko. Nilimweleza Agnès kuhusu madirisha kabla hatujaondoka, na Papa Mwewa akamweleza tena tulipofika Likasi. Alikubali. Alijifunga blanketi la Dieudonné, upepo ukampiga njia yote, na hakulalamika. Alikuwa anakuita yaya, kama alivyokuita siku zote wewe dada yake mkubwa, akikuimbia Kiluba, zile nyimbo mlizokuwa mnaimba mkitwanga. Nilimsikia pia akikusimulia. Alikukumbusha ulivyombeba mgongoni kwenda shambani, ukaanguka naye mtoni, ukaogopa kumwambia bibi, mkakaa juani uchi nyote wawili mpaka nguo zikauke. Nilikuwa sijawahi kukisikia kisa hicho. Alikuwa anakusimulia wewe, mimi nilisikia tu.

Goudron iliisha, tukaingia njia ya udongo. Tukalala kwenye misheni moja njiani, jeep tukaiacha uani, milango wazi, na Agnès alikaa karibu nayo chini ya baraza akisali rozari. Kesho yake mchana mvua ilitukuta kwenye mteremko wa udongo mwekundu, na magurudumu ya nyuma yakazama mpaka kwenye ekseli.

Tulishuka kukata matawi na kubeba mawe. Wanaume wa kijiji cha karibu walikuja na majembe kutusaidia. Agnès alibaki na wewe, kwa sababu marehemu haachwi peke yake. Mvua iligeuka, ikaanza kupiga ubavuni, inaingia kwenye madirisha, inalowesha sanduku lako. Mama, yule mwanamke hakuweza kuvumilia kuona unaloa. Alipandisha vioo vyote. Akavuta mlango wa nyuma. Akashuka kutoka kwenye benchi, akatandika blanketi sakafuni, akalala ubavu wake ukigusa sanduku, shavu lake kwenye mbao, akafuta maji kwa kitambaa chake cha kichwa. Hayo yote alitusimulia baadaye. Wakati ule sisi tulikuwa mbele, tumeinama kwenye matope, na mvua ilikuwa na kelele, husikii hata mwenzako.

Nilirudi nyuma kuchukua panga. Nikaona vioo vimekuwa vyeupe kwa ndani, na kwenye benchi hakuna mtu.

Nilimwita Dieudonné, sijui kwa sauti gani, maana alikuja akikimbia na kuanguka. Alitaka kujitupa ndani. Nilimshika shati, shati likachanika, nikamvuta chini. Nikafungua mlango wa nyuma, nikazunguka nikafungua ya mbele, Papa Mwewa akafungua upande wake, na ile mvua iliyotutesa ikaingia na upepo wake wote kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kusubiri kule, Mama. Nilikuwa namwona pale chini, midomo yake imebadilika rangi, nami nimemshikilia tena kaka yangu asiende kwake. Upepo ulipopita nilimwachia. Tulivuta pumzi nje, tukaingia, yeye akashika mabega na mimi miguu, tukamtoa tukamlaza kwenye matope kwa ubavu. Hata hivyo kichwa changu kilianza kugonga, na moyo ulinikimbia kana kwamba nimepanda mlima.

Alikuwa anapumua. Pumzi fupi fupi, za haraka, kama mtoto mwenye homa. Papa Mwewa alimshikia mwavuli juu ya uso, halafu akautupa, akaacha mvua imnyeshee. Baadaye Agnès alikohoa, akatapika, akafungua macho. Wote tulikuwa tumemwinamia, sisi na wale wanaume wenye majembe. Akasema, "Yaya aliniita. Aliniambia nilale pembeni yake."

Wale wanaume walirudi nyuma. Mmoja alitupa jembe lake. Walimaliza kutusukuma kwa kuwa walikuwa wameahidi, lakini hakuna aliyegusa tena upande wako wa gari.

Nilieleza hapo hapo, nimesimama kwenye matope. Nilisema ni hewa ya barafu, ni madirisha, ni sakafu. Waliitikia kwa kichwa, kwa adabu tu. Agnès alipanda mbele, karibu na Papa Mwewa, na tangu pale mpaka Mitwaba hakugeuza shingo hata mara moja. Nyuma nilikaa mimi, dirisha wazi, mvua ikitulowesha sote wawili, mimi na wewe.

Habari zilitutangulia. Sijui zilipita wapi, lakini tulipofika kwa mjomba Banza watu walikuwa tayari wanajua kwamba marehemu alitaka kumchukua mdogo wake njiani.

Nataka ujue ulivyofika. Walifungua sanduku chini ya baraza, pasipo ukuta, hewa ikipita. Nilitoa barafu iliyobaki kwa glavu, nikaipeleka mbali nyuma ya shamba mahali ambapo mtoto hawezi kufika. Kisha nikakufunua uso. Ulikuwa wewe, Mama. Lile kovu dogo la nyusi, mdomo wako ukiwa umefungwa kama unapotunga uzi. Hakukuwa na harufu ila ya yale mafuta ya Agnès. Wanawake uliokua nao walikuinamia bila kufumba macho. Bibi mmoja aliweka shavu lake kwenye shavu lako, akakaa hivyo, akikuambia vitu sikioni. Mimi nilikushika uso kwa mikono mitupu, nikakulilia karibu, karibu kabisa, na machozi yangu yalikuwa yako, si ya dawa.

Na Agnès alisimama kwenye ukuta wa jiko. Nilimfuata nikamshika mkono. Aliutoa. Walipofunga sanduku alikuwa bado pale, mgongo umegusa tofali, anakutazama kama mtu anayetazama mto uliojaa. Mwanamke aliyekuogesha, aliyesafiri njia ile yote na mkono juu yako, hakukuaga.

Tulikulaza kando ya Ilunga. Mjomba Banza alikijua kikaburi, kilikuwa na mawe matatu na nyasi. Padri alilitaja jina lake katika sala pamoja na lako.

Nilidhani huo ndio mwisho wa uchungu wangu. Tuliporudi Lubumbashi, kwenye kilio hapa nyumbani, kisa kilikuwa kimekua. Sasa ulikuwa umemshika Agnès shingo. Sasa sanduku lilikuwa limejifungua lenyewe. Watu uliowashonea nguo za harusi walikuwa wanasema hivyo huku wanakula chakula cha matanga yako. Nilieleza mpaka sauti ikakauka. Mjomba mmoja alinijibu kwa upole kwamba barafu haina mdomo, na Agnès alisikia sauti.

Agnès mwenyewe alihama. Alikuwa hamalizi wiki bila kuja kula bukari kwako, ugali uliousonga mwenyewe, sasa alikwenda kwa binti yake kule Ruashi, akakataa kupita hata barabara yetu. Alivirudisha vikwembe vyote ulivyompa, vimekunjwa ndani ya mfuko. Hakulala bila taa. Binti yake aliogopa, akampeleka kwenye chumba kimoja cha maombi, na siku moja nilikwenda nikasimama mlangoni. Walikuwa wamemzunguka, wamemwekea mikono kichwani, wanakemea. Walitaja jina lako, Mama. Jina lako la ubatizo na la kwenu, yote mawili. Walikuambia utoke, umwache, urudi kwa wafu. Na Agnès alikuwa katikati amefumba macho, anaitikia amina.

Nilitembea kwa miguu kutoka kule mpaka Katuba. Sikumbuki njia niliyopita.

Sikumchukia. Nilifikiri sana juu ya ile sauti. Madame Solange alikuwa ametwambia kwamba mtu anayekosa hewa huanza kuota akiwa macho. Na Agnès angesikia sauti gani nyingine? Tangu azaliwe, anayemwambia alale, aamke, ale, alikuwa wewe.

Nikarudi boharini. Nilimweleza Madame Solange yote, naye akafunika uso kwa mikono yake. Akasema nimlete. Nilikwenda Ruashi nikamwambia Agnès kwamba ninataka aone kitu kimoja, mchana, mahali pa wazi, na akishakiona sitamsemesha tena habari hizi. Alikataa. Nilirudi. Alikataa tena. Mara nyingine nilipofika nilimkuta amevaa viatu, ameketi mlangoni na mkoba mapajani. Akainuka, tukaenda.

Madame Solange alituweka uani, katikati, mbali na kuta. Alileta beseni refu la chuma, akavaa glavu, akaweka kipande cha barafu kavu ndani yake, akamwaga maji kidogo. Moshi ulijaa, ukamwagika pembeni, Agnès akarudi nyuma. Tulisubiri moshi utulie mpaka ndani ya beseni hakukuonekana kitu chochote, ni chuma tu na hewa. Madame Solange akachukua mshumaa uliofungwa kwenye waya, akauwasha, akaushusha pole pole. Ulipopita ukingo wa beseni moto ulilala, ukazimika. Hakukuwa na upepo. Hakuna aliyepuliza.

Agnès aliutazama ule utambi. Akaomba urudiwe. Ukawashwa, ukashushwa, ukazimika mahali pale pale. Akaomba kushika waya yeye mwenyewe. Nta ilimdondokea kwenye viatu. Aliushusha, akaupandisha kabla haujazimika, moto ukasimama tena. Aliushusha zaidi, ukafa. Alifanya hivyo mara nyingi, Mama, mpaka mshumaa ukawa mfupi, na Madame Solange hakumharakisha.

Aliuliza, "Na mimi nililala chini hivi?" Nikamjibu ndiyo, chini hivi, na vioo vimefungwa. Akauliza kama wewe ungekuwa hukuwemo ndani ya sanduku, kama lingekuwa limejaa mahindi na barafu ile, je, angeanguka. Madame Solange alimwambia angeanguka vilevile.

"Kumbe haikukuwa yaya," alisema.

Akajishusha chini pale pale. Madame Solange alilisukuma beseni mbali upesi, tukamshika tusimwache akae karibu nalo, tukampeleka kwenye kivuli cha ukuta. Hapo ndipo alipolia. Sijawahi kumsikia mtu mzima akilia vile. Wafanyakazi walizima mashine zao. Alikuwa anasema neno lilelile, akilimaliza analianza upya: "Alinibeba mu mugongo, na mimi nilimuogopa. Nilimuogopa yaya wangu." Nilimshika tu kichwa kifuani kwangu, nikawaza kwamba ungekuwepo ungejua la kusema, na kwamba kama ungekuwepo tusingekuwa tunalia.

Sasa yuko hapa. Alikuja siku ileile na mkoba wake, akauliza vikwembe viko wapi. Analala kitandani kwako. Asubuhi namkuta jikoni anasonga bukari, machozi yanamtoka bila yeye kuyafuta. Alikwenda mwenyewe kwenye kile chumba cha maombi akawaambia hatarudi. Jumapili baada ya misa alisimama mbele ya bamama wa kikundi chenu, akawaeleza habari za madirisha na sakafu, na ile hewa inayoshuka chini, na mshumaa. Alieleza kwa kurukaruka, lakini walimwelewa. Wapo ambao bado wananong'ona. Yule mjomba bado anasema barafu haina mdomo. Nimechoka kubishana naye.

Nimechoka, Mama. Tangu siku ya mkasi nilikuwa nakimbia. Kwanza nilikimbilia barafu, halafu barabara, halafu nikasimama mlangoni pa kila mtu nikikutetea. Jana Agnès alilala mapema, nyumba ikawa kimya, hapakuwa na mtu wa kumjibu. Nikagundua kwamba hupo. Ndiyo, najua, nilikuzika kwa mikono yangu. Lakini ni jana. Niliinuka kukuuliza kama unataka chai, nikafika mpaka mlango wa chumba chako. Nilikaa pale chini, kwenye saruji, sijui kwa muda gani.

Sijui nitaishije bila kukusikia ukipiga kelele kwamba nimeacha maji yakichemka. Hakuna anayenipigia kelele tena. Nikifanya vibaya nimefanya vibaya, nikifanya vizuri ni vivyo hivyo, hakuna mtu.

Mama yangu, lala. Lala na mwanao, mshike vizuri, sasa amepata wa kumkumbatia. Msalimu Baba mkionana huko. Mimi na Dieudonné tupo, tunakula, tunasali, tunajaribu.

Jambo moja nakuahidi. Kiangazi kikifika, udongo ukikauka, Papa Mwewa amekubali kutupeleka tena. Nitamleta Agnès mpaka pale ulipolala. Nitamshika mkono mpaka mwisho wa njia, kisha nitamwachia, nitarudi nyuma na kukaa mbali nisiposikia, hata akikaa mchana kutwa. Ana mengi ya kukuambia, na bado hajakuaga.

Mwanao,
Clémence